Kupiga Picha za Nyota za Mbali Katika Anga ya Bukoba na Muleba

Yamkini msomaji atashangaa kuona makala ya kamera na nyota imeandikwa na mwalimu wa isimu, tena katika jarida ambalo desturi yake ni kuchambua maneno. Sina budi basi kutangulia kueleza jinsi nilivyofika huku. Miaka michache iliyopita nilianza kukusanya majina ya nyota na ya nyakati za usiku kwa wazee wa Mkoa wa Kagera, na hasa wa Wilaya ya Muleba nilikozaliwa. Kazi hii niliidhani nyepesi. Majina ya miti nilikuwa nimekwisha kuyakusanya bila taabu kubwa: mtu huingia kibanjani pamoja na mzee, hugusa gome, huuliza, huandika. Sikufikiri kwamba nyota zaweza kukosa kuguswa hata kwa kidole cha kuonyeshea.

Bibi mmoja, ambaye jina lake silitaji, alizaliwa na kukulia Kamachumu. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba yake, binti yake alimchukua akamleta mjini Bukoba, katika mtaa wa Kashai. Nilikwenda kwake jioni tatu mfululizo. Alinieleza habari za mbegu, za misiba na za ngoma, lakini kila nilipouliza nyota fulani iliitwaje alinyamaza akifikiri. Jioni ya tatu tulitoka uani. Taa ya barabara ilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni, na taa ya jirani ilining'inia juu ya ukuta. Bibi akainua uso, akatazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, nionyeshe, nami nitakwambia." Nikatazama nami. Palikuwa na weupe kama maji yaliyooshea mchele, na ndani yake nyota nne au tano. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Hapo ndipo nilipoazimia kumletea anga yake katika karatasi. Yanayofuata ni maelezo ya jinsi mtu asiye fundi, mwenye kamera ya kawaida, anavyoweza kupiga picha za vitu vya mbali vya mbinguni, yaani mafungu ya nyota, mawingu ya gesi yaitwayo nebula na galaksi, akiwa mahali penye taa nyingi. Nimeyapata kwa kukosea zaidi kuliko kwa kusoma.

Kwanza neno lenyewe. Siku hizi watu husema "uchafuzi wa mwanga". Mimi silipendi neno hili. Tusemapo uchafuzi wa maji, maji ndiyo yanayochafuliwa. Tusemapo uchafuzi wa mazingira, mazingira ndiyo yanayochafuliwa. Kwa kipimo hicho uchafuzi wa mwanga ungekuwa ni mwanga uliotiwa taka, ilhali hapa mwanga ndio utiao taka. Katika makala haya nitasema "ukungu wa taa", maana ndivyo unavyoonekana na ndivyo ulivyo: mwanga uliokwenda juu bila kazi, ukagonga vumbi, moshi na unyevu wa hewa, ukarudi chini machoni petu. Ukungu huu umekwisha kuenea sana duniani. Ramani ya dunia nzima iliyotolewa na wataalamu mwaka 2016 ilionyesha kwamba watu zaidi ya 80 katika kila 100 wanaishi chini ya anga yenye ukungu wa taa, na kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe kutoka nyumbani kwao. Mmarekani John Bortle alitunga mwaka 2001 kipimo cha daraja 9, ambacho daraja la 1 ni giza safi na la 9 ni katikati ya jiji kubwa. Kwa makisio yangu Kashai ni daraja la 5, na siku za unyevu hata la 6. Nyanda za nyasi za Kamachumu, ambazo Wahaya huziita rweya, naziweka katika daraja la 2 au la 3.

Mji wa Bukoba si mkubwa, na mgeni atokaye Dar es Salaam atacheka akisikia unalalamikiwa kwa taa. Lakini una mambo mawili ambayo miji mingine haina. La kwanza ni dagaa. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Viktoria huvua kwa taa: zamani karabai, na sasa zaidi taa za LED zitumiazo betri au umeme wa jua. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga hauwavuti kunapokuwa na mbalamwezi; kwa hiyo mvuvi hungoja giza, na mwezi unapokuwa mkubwa huanika nyavu zake akapumzika. Mpiga picha za nyota hungoja giza hilo hilo. Usiku anaoutaka yeye ndio usiku ambao upeo wa macho upande wa mashariki, nyuma ya kisiwa cha Musira, umejaa taa zilizopangika kama mji mwingine ulioota juu ya maji. Silaumu. Wavuvi wanatafuta riziki, nami natafuta picha. Lakini yafaa kujua kwamba taa hizo huchafua sehemu ya chini tu ya anga, si zaidi ya nyuzi kumi na tano au ishirini juu ya maji, na kwamba kitu kinachochomoza ziwani huachana nazo baada ya saa moja na nusu hivi.

La pili ni senene. Msimu wao mkubwa ni Novemba na Desemba, na watu hutega kwa taa kali zinazoelekezwa juu, na mabati yanayong'aa kando yake. Hakuna taa mbaya kwa mpiga picha kuliko inayoelekezwa juu makusudi. Hata hivyo miezi hiyo ni ya mvua, mawingu yangekuzuia vyovyote vile, na mtu aweza kujifariji kwa kula.

Sasa niingie katika kiini cha jambo. Picha yangu ya kwanza niliipiga kutoka uani kwa yule Bibi. Niliacha kamera wazi kwa sekunde 30, tundu la lenzi likiwa limefunguliwa kabisa, na wepesi wa kuhisi mwanga umepandishwa hadi ISO 6400. Nilidhani kwamba nyota ni hafifu, basi kamera na izidishiwe muda. Nikapata picha ya rangi ya uji wa ulezi, na ndani yake vijistari vifupi mahali pa nyota. Kosa langu lilikuwa la namna mbili, na kila moja lina maelezo yake.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba muda mrefu huitenga nyota na ukungu. Sivyo. Kamera iachwapo wazi hupokea nuru ya nyota pamoja na nuru ya ukungu, na zote mbili huongezeka kwa pamoja, mpaka ukungu unapoijaza picha. Ingekuwa ukungu ni weupe mtulivu tungeutoa baadaye kama mtu anavyotoa uzito wa gunia katika mizani. Taabu ni kwamba nuru haiji kama maji ya bomba bali kama matone ya mvua, mara mengi, mara machache, na kutolingana huku huacha katika picha vidoa ambavyo vijana huviita chenga, neno walilolitoa katika mchele uliovunjika na kulipeleka katika televisheni isiyoshika vizuri. Ni neno zuri, nami nalitumia. Ukungu waweza kutolewa. Chenga zake hubaki, na ndizo zinazoimeza nebula.

Dawa yake niliijua tangu zamani bila kujua kwamba naijua. Nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu yangu juu ya toni ya Kihaya, nilikuwa na kanda zilizorekodiwa karibu na soko, zenye makelele. Mwalimu wangu alinifundisha kutotegemea tamko moja. Msemaji hutamka neno lile lile mara nyingi. Matamko yote hupimwa, hulinganishwa mwanzo kwa mwanzo, kisha huchukuliwa wastani. Sauti ya msemaji hurudi pale pale kila mara, hivyo hujengeka. Makelele ya soko hayarudi mahali pamoja, hivyo hufutana. Picha za nyota ni vivyo hivyo. Piga picha mia za mahali pamoja, zilinganishe nyota kwa nyota, chukua wastani. Kazi hii naiita kurundika, na rundo lenyewe lina hesabu yake: ubora huongezeka kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Picha 100 hupunguza chenga mara 10, si mara 100. Picha 400 mara 20. Mwanzo wa kazi faida ni kubwa, baadaye huwa ndogo, na kila mtu atajua mwenyewe usingizi wake una thamani ya chenga ngapi.

Kuna jambo hapa ambalo waanzaji wengi hawaambiwi. Kamera ina chenga zake yenyewe, ambazo hutokea kila inapofunguliwa na kufungwa. Katika giza safi chenga hizo ndizo adui mkuu, na ndiyo maana mafundi huacha kamera wazi kwa dakika nyingi kila picha. Chini ya ukungu wa taa, chenga za anga huzipita zile za kamera baada ya sekunde chache tu, na toka hapo kurefusha picha moja hakukuletei faida yoyote ambayo usingeipata kwa kuongeza idadi. Kwa hiyo mtu wa Kashai hana haja ya kuonea wivu mitambo ya kuacha kamera wazi dakika kumi. Picha fupi nyingi zamtosha. Atazame tu ule mchoro wa mwanga ambao kamera huuonyesha nyuma yake: kilima chake kiwe kimeachana na ukuta wa kushoto, wala kisivuke theluthi ya kwanza. Na picha zihifadhiwe katika faili ghafi, si zilizobanwa na kupambwa na kamera.

Lakini nisimdanganye msomaji. Chini ya taa muda wa jumla lazima uwe mrefu, na hesabu yake ni kali: anga iking'aa mara 10 kuliko nyingine, sharti muda nao uwe mara 10 ili kupata picha ya ubora ule ule. Saa moja ya kazi Kamachumu yaweza kutaka usiku mzima Kashai. Kutoka Bukoba hadi Muleba mjini ni yapata kilomita 70, barabara ni ya lami, na nauli ya basi ni rahisi kuliko lenzi yoyote niliyowahi kuulizia bei. Fedha za kwanza za mwanzaji na ziende katika nauli.

Kosa langu la pili lilikuwa vile vijistari. Dunia huzunguka, na nyota huonekana kusogea nyuzi 15 kwa saa. Vitabu vya ng'ambo hufundisha kugawa 500 kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 50, basi sekunde 10. Kanuni hii ilifaa zaman za filamu, na inawafaa zaidi watu watazamao karibu na ncha ya anga, ambako nyota hujongea taratibu. Bukoba iko nyuzi 1 na theluthi hivi kusini ya ikweta. Nyota zipitazo utosini petu ni zile zilizo katikati ya anga kabisa, ambazo mwendo wake ndio wa kasi kupita zote. Kwa lenzi ya milimita 50 nimeona sekunde 10 huchora mistari. Sekunde 4 zavumilika. Picha 450 za sekunde 4 ni nusu saa ya nuru, na chenga hupungua mara 21. Kila baada ya dakika kumi hivi sharti mtu aielekeze kamera upya, maana anga imekwisha kumpita.

Mahali petu hapa pana faida inayolipa gharama hiyo. Mtu wa ikweta huona anga yote, ya kaskazini na ya kusini. Hakuna galaksi wala fungu la nyota ambalo halichomozi kwake. Tena vitu kadhaa vilivyo bora kwa mwanzaji hupita juu kabisa, ambako hewa ni nyembamba na ukungu wa taa ni mdogo. Nebula kubwa ya kundinyota la Jabari, iliyo umbali wa miaka ya nuru 1,300 na zaidi, hupita nyuzi nne tu kutoka utosini pa mtu wa Bukoba. Mwishoni mwa Januari huwa hapo yapata saa nne usiku. Hiyo ndiyo ya kuanzia. Henry Draper wa Marekani ndiye aliyeipiga picha mara ya kwanza, tarehe 30 Septemba 1880, na ilimbidi aache kioo chake wazi kwa dakika 51, akiwa na darubini ya inchi 11. Leo kijana wa Hamugembe mwenye kamera iliyokwisha kutumika aweza kupata zaidi ya alivyopata Draper. Hata simu kadhaa za siku hizi hurundika picha zenyewe kimyakimya. Ukiiegemeza simu juu ya jiwe kwa dakika nne, kitu fulani huonekana.

Atakaye kufuata mwendo wa nyota bila kununua mtambo aweza kuchongesha kwa seremala. Mbao mbili huunganishwa kwa bawaba, na bolti ya M6, ambayo kwa mzunguko mmoja husogea milimita 1, hutiwa umbali wa milimita 228.6 kutoka katikati ya bawaba. Ukiizungusha mara moja kila dakika, ubao wa juu hufunguka kwa kasi ile ile ya anga, na kwa dakika kumi za mwanzo makosa yake hayaonekani. Sharti mstari wa bawaba ulale sambamba na mhimili wa dunia. Huko Ulaya huinuliwa nusu ya njia kuelekea juu. Kwetu hulala karibu chapati, ncha ya kusini ikiinuliwa nyuzi 1.3 kwa Bukoba au 1.8 kwa Muleba. Mitambo mingi inayouzwa imetengenezewa nchi za mbali na ikweta, na shingo zake hazikubali kuinama kiasi hicho, hivyo hata mwenye fedha huishia kutafuta kipande cha ubao cha kuisaidia.

Kusini penyewe pajulikana vipi? Nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wetu waliiita nyota ya jaha, haionekani Bukoba. Iko chini ya upeo. Ya kusini ni hafifu, nayo imezama katika utusitusi. Mimi hutumia kijiti na kivuli. Kabla ya adhuhuri weka alama mahali kivuli kinapofikia, chora duara kwa urefu huo, kisha ngoja alasiri kivuli kiguse duara tena. Mstari wa katikati ya alama hizo mbili ndio kaskazini na kusini. Wakati wa Julai kivuli cha mchana huangukia kusini, Januari kaskazini, na siku chache za Machi na Septemba hutoweka kabisa, jambo ambalo wanafunzi wangu hulikataa mpaka walione.

Nisimulie pia hasara yangu, ili isimpate mwingine. Muuzaji mmoja wa ng'ambo aliniuzia kichujio cha kioo cha kuvikwa lenzi, akisema kinafuta taa za mjini. Nikalipa bei ambayo sikumwambia mke wangu. Kilipofika nilikuta kweli hufuta, lakini taa za sodiamu, zile za manjano, ambazo nuru yake imekusanyika katika rangi chache zinazoweza kuzibwa. Taa ya barabara ya mtaa wetu ilikuwa imekwisha kubadilishwa kuwa LED nyeupe, ambayo huenea katika rangi zote, na kichujio hicho hakina la kuifanya. Viko vichujio vingine vinavyoacha kupita rangi mbili tu, wekundu wa haidrojeni na kijani cha oksijeni. Hivyo hufaa kwa nebula zinazong'aa, hata mjini. Kwa galaksi na mafungu ya nyota, kama kilimia, havina msaada. Kabla ya kununua, mtu atoke nje ajue taa ya jirani ni ya namna gani. Huenda akagundua kwamba kumwomba jirani aizime kwa saa mbili ni bei nafuu zaidi. Mimi niliomba, nikakubaliwa, na nikapewa chai.

Hali ya hewa ya ziwa inataka utii. Usiku wa manane upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji, ngurumo huzaliwa, na mvua husukumwa kuja kwetu alfajiri. Kwa hiyo anayesema ataamka saa tisa usiku ili kupata giza zuri, aghalabu huamkia mawingu. Kazi na ifanywe mapema: jua huzama karibu na saa moja, giza kamili huingia yapata saa mbili na robo, na toka hapo hadi saa sita ndiyo saa za mavuno. Miezi mizuri ni Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo katikati ya Njia Nyeupe, mahali pa Nge na Kausi, hupita juu yapata saa tano usiku. Lakini ndiyo miezi watu wanapochoma nyasi, na moshi huo huongeza ukungu wa taa maradufu. Usiku unaofuata mvua ya ghafla ya Julai ni hazina. Januari na Februari pia huwa na mapumziko mafupi ya mvua. Umande huanguka juu ya lenzi kila usiku ulio safi. Soksi yenye mchanga uliopashwa moto kidogo, ikifungwa kuzunguka lenzi, huuzuia kwa saa nzima.

Huko Muleba kuna jambo jingine lisiloandikwa katika vitabu. Mtu anayekaa peke yake katika rweya usiku wa giza, akiwa na taa nyekundu na chombo cha miguu mitatu, hana maelezo mepesi mbele ya sungusungu. Nilipokwenda mara ya kwanza nilijitetea kwa nusu saa, na elimu yangu ya ng'ambo haikunifaa kitu. Kilichoniokoa ni kutaja jina la babu yangu. Tangu siku hiyo humwona mwenyekiti wa kitongoji mchana, nikamweleza, na mara mbili amekuja mwenyewe na watoto wake kutazama.

Kazi ya mwisho ni ya kompyuta. Programu ya Siril hupatikana bila malipo, nayo hulinganisha picha, huzirundika, kisha huondoa ule mteremko wa mwanga ambao huwa mkali upande wa mji na hafifu upande wa pili. Kabla yake yafaa kupiga picha kama ishirini kifuniko kikiwa kimefungwa, ili programu ijue chenga za kamera, na nyingine ishirini kupitia kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya lenzi mchana, ili ijue vumbi na vivuli vya lenzi yenyewe. Bila hizi za kitambaa, ukungu wa taa hauondoki sawasawa, huacha mabaka. Baada ya hapo mtu huivuta nuru hafifu ipande juu, na hapa kishawishi ni kikubwa. Kila ukivuta vitu vipya hujitokeza, na mkono hautaki kuacha.

Ndivyo nilivyofanya na kilimia. Hili ni fungu la nyota ambalo jina lake limetokana na kulima, na Wazulu nao huliita isilimela kwa shina lile lile, jambo linaloonyesha jinsi jina hili lilivyosafiri mbali pamoja na majembe ya watu wetu. Waswahili wana methali kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hata Bukoba huzama jioni katika mvua za Mei na kuzuka alfajiri ya Juni iliyo kavu. Usiku mmoja wa Januari, katika rweya ya Kamachumu, nilikipiga picha 450, kikiwa juu upande wa kaskazini. Nikarundika, nikavuta, nikapata mamia ya nyota na utando wa buluu ukizizunguka. Nikaichapisha katika karatasi kubwa nikaipeleka Kashai.

Bibi akaishika mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali. "Ni nyingi mno," akasema. "Hizi nyingine umezitoa wapi?" Nikamwambia zote zipo, ni macho yetu yasiyoziona. Akanijibu kwamba hakukiita kitu kwa jina la vile asivyoviona. Nikarudi, nikapunguza kuvuta, nikaacha zile zinazoonekana kwa macho na chache za jirani zake, nikapeleka picha ya pili, ambayo mpenda picha yeyote angeiona duni. Safari hii akaiweka juu ya magoti, akaitazama kitambo, akaigeuza robo ya duara kuelekea kulia. "Hivi," akasema. "Kilikuwa kikitoka ziwani hivi, baba akiwa amesimama mlangoni." Naye alikuwa sahihi. Kitu kichomozapo mashariki huonekana kimelala tofauti na kinapofika juu kaskazini, na tofauti hiyo kwetu ni robo ya duara karibu kamili. Mimi nilikuwa nimeichapisha kama kamera ilivyoiona. Yeye aliigeuza ikawa kama alivyoiona akiwa msichana.

Kisha akalitaja jina. Nikamwomba alirudie mara tatu, kwa sababu toni ya silabi ya pili ilinitatiza, na kila mara alilitamka vile vile. Silichapishi hapa, maana neno la shahidi mmoja halijawa neno la kuchapishwa, na Julai nitakwenda na picha hiyo hiyo, ikiwa imegeuzwa, kwa wazee wawili wa Nshamba. Nilipokuwa nikifungasha vitu vyangu Bibi aliniuliza mbona sikumletea ule weupe unaokatiza juu toka upande huu hadi upande ule. Nikamwambia mwezi bado ulikuwa mkubwa. "Basi hata dagaa hakuna," akasema, akamwita binti yake alete chai.